Kiporo cha Tanzia

Donatus alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitali yoyote: kutaka kuwa wa kwanza kusema. Tovuti yake ya habari, Geita Papo Hapo, aliiendesha kutoka chumba cha mbele cha nyumba yake Kalangalala, na ajali ikitokea yeye huirusha kabla vumbi halijatua. Basi baba mkwe wake, Mzee Luka wa Songwa, Kishapu, alipolazwa hospitali, mkwe huyu mwema alifanya nini? Akamwandalia tanzia. Picha, sifa, jina la ukoo, vyote tayari. Ilibaki mzee kufa tu. Loo!

Asubuhi moja shemeji yake alipiga simu kutoka wodini. Kabla hajasema la maana, nyuma yake kikapasuka kilio na simu ikakatika. Mtu mwenye akili zake angepiga tena. Donatus akairusha tanzia. Kumbe waliokuwa wakilia ni ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mzee Luka alikuwa ameketi anakunywa uji.

Paskazia, mkewe, aliusoma msiba wa baba yake kwenye simu akiwa sokoni, akaanguka kati ya mafungu ya dagaa. Alipopata ukweli alirudi nyumbani anatetemeka kwa hasira.

"Baba Kudra, umemzika baba yangu akiwa hai! Futa! Akipata nafuu atakuja hapa mwenyewe. Akikuta bado ni marehemu, naondoka naye, wala sirudi."

"Nimeshafuta, mke wangu. Tazama." Akamgeuzia kompyuta. Kweli, tanzia haikuwepo.

"Mbona kwenye simu yangu ipo?"

"Simu yako hiyo ina uchafu. Izime, uiwashe."

Mwongo mkubwa! Tanvir, fundi aliyemtengenezea tovuti, alishamweleza jambo hili tangu mwanzo, tena kwa lugha ya jikoni ili limwingie. Ukurasa ukishapikwa mara moja, tovuti huweka nakala yake, na wasomaji wote hupakuliwa kiporo hicho ili wasingoje. Mwenye tovuti peke yake, kwa kuwa ameingia kwa nywila yake, ndiye anayepikiwa cha moto. Hata ukifuta habari, watu wataendelea kula kiporo mpaka ubonyeze kitufe cha Safisha. Unabonyeza mara moja tu, basi.

Donatus alikijua kitufe hicho, na kidole chake kilishakikaribia. Lakini alipotupia jicho idadi ya wasomaji, jamani, moyo ukamlainika! Kishapu nzima ilikuwa inafungua tanzia. Chini ya picha ya mzee lilikaa tangazo la magodoro ya Jignesh, "Lala Usingizi wa Amani," na Jignesh mwenyewe alikuwa amepiga kusema wateja wanamiminika dukani. "Mpaka Ijumaa tu," Donatus akajiambia. "Mzee mwenyewe hana simu ya kupangusa." Tamaa ikishamkalia mtu kichwani, aibu hukosa pa kukaa.

Kule Songwa yakawa mambo. Mzee Luka alirudishwa nyumbani akiwa na nafuu, na watu wakafika na kuni, unga na vilio, wakamkuta marehemu mlangoni na fimbo yake. Sasa waombolezaji waliotoka mbali utawafukuzaje? Akachinja ng'ombe, akawalisha watu wa msiba wake mwenyewe. Kila alipowaambia kwamba mkwe wake amefuta, walimwonyesha simu: huyu hapa, amekufa.

Alhamisi akashuka Kalangalala na ndugu zake wawili. Donatus akatoka mbio kumpokea.

"Shikamoo, baba!"

"Tangu lini marehemu akaitikia shikamoo?" Mzee akaketi. "Ng'wanawane, mwanangu, kila siku nazikwa. Kwa nini?"

"Baba, nilifuta siku ileile! Mitambo hii ina ukaidi tu. Jionee mwenyewe."

Kompyuta ikaonyesha hakuna. Paskazia akanyoosha simu yake. Mzee akajitazama ndani ya fremu nyeusi, na chini yake godoro.

Donatus akaona pa kuponea ni mahali pamoja tu. Akarukia kompyuta, akabonyeza Safisha kwa mbwembwe za mganga anayetoa pepo. "Haya, fungueni tena!"

Paskazia akafungua. Hakuna. Ndugu nao wakafungua simu zao. Hakuna. Donatus akashusha pumzi, akatabasamu, pengine hata asante alikuwa anaisubiri.

Mzee Luka akakitazama kile kitufe, kisha akamtazama mkwe wake. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu, baba! Mara moja tu!" Donatus akajibu kwa fahari, maskini, mjinga wa Mungu.

"Na kitufe hiki kilikuwepo tangu siku ile?"

Paskazia hakumngoja apate uongo mwingine. Aliingia ndani, akatoka na Kudra mgongoni na begi mkononi.

"Baba, twende nyumbani."

"Mama Kudra!" Donatus akamkimbilia hadi mlangoni. "Si nimefuta? Si umeniona mwenyewe nikifuta?"

"Nimekuona," Paskazia akamjibu. "Ndiyo maana naondoka."