Nani Anayekata Simu

Tii, tii, tii.

Kheri aliiondoa simu sikioni akaitazama kana kwamba imemtukana. Mara ya nne hiyo tangu adhuhuri, na mara zote nne hawakuvuka salamu. Shikamoo Mzee. Marahaba, hujambo? Sijambo, watu wa nyumbani? Alhamdulillahi, na huko Ndagoni... Tii! Ukipiga tena, humwambii mkubwa tuendelee pale tulipoishia. Shikamoo inaanza upya.

"Mtandao mbovu!" alifoka. "Wanajua kula vocha zetu tu!"

"Simu yako ndiyo mbovu," alisema dada yake Umi, akianika mwani bila kugeuka. "Si ilitumbukia baharini ukaifukia kwenye mchele?"

"Lililotumbukia ni kava!"

Umi alicheka mpaka akaketi. Kheri hakucheka. Barua yake ya posa ilikwishapokelewa na Mzee Hamdu, mfanyabiashara wa Kilindoni, baba yake Shamsa. Kilichobaki ni Mzee kumsikia Kheri mwenyewe akisema atamweka wapi binti yake. Mzee alitaka jibu leo, maana posa nyingine ilikuwa mlangoni. Na sasa alikuwa akilalamika nyumbani kwake kwamba kijana wa Ndagoni anamkatia simu kwa kiburi.

Kiburi Kheri alikuwa nacho, tena tele, lakini si cha namna hiyo.

"Lete laini yako," alisema Umi. Akaitia kwenye kiswaswadu chake, simu ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. Kheri akapiga. Shikamoo, marahaba, tii. Umi akaichukua simu hiyohiyo, na laini hiyohiyo, akampigia shoga yake wa Kilindoni. Wakajadili bei ya mwani, wakamteta mtu, wakaagana mara tatu. Haikukatika.

Kheri akajumlisha mambo. Si simu, si mtandao. Basi Mzee anamkatia kusudi! Damu ilimpanda. Alikuwa akitafuta maneno makali ya kumwandikia, ujumbe wa Shamsa ukaingia: "Baba kaletewa simu ya kupangusa kioo kutoka Maskati. Anaibana shavuni, shavu linabonyeza pa kukatia. Nimemwambia, kanifukuza. Usiseme nimekwambia."

Umi aliusoma kwa sauti. "Haya, mpigie umwambie."

"Nimwambie nini? Mzee, shida ni shavu lako? Niposee tena wapi baada ya hapo?"

Aliuzunguka uchanja wa mwani mara mbili, anahema kama aliyekimbizwa. Mchana kutwa amewaapia watu kijijini kwamba hana kosa, na kweli hakuwa nalo. Hilo ndilo lililomchoma. Akapiga. Safari hii hakungoja marahaba.

"Shikamoo Mzee, niwie radhi, usinijibu kwanza. Kosa ni langu, simu yangu mbovu. Napanda bodaboda sasa hivi. Kabla ya magharibi nitakuwa mlangoni kwako, nikueleze uso kwa uso Shamsa ataishi wapi. Wallahi nakuja."