Mbwa wa Zipora Kwenye Makaburi ya Watemi

Mwaka 1951, siku ya kufagia makaburi ya watemi, Zipora alitoka kijijini Songwa alfajiri na mbwa wake, Jembe, akiwa amemfunga kamba ya ndama. Mwaka uliotangulia Jembe aliingia huko bila kamba, akafukua kaburi moja na kuacha kinyesi kando ya jiwe. Mabula, mlinzi wa makaburi, alisema akimwona tena akizurura ndani ya uzio atamchoma mkuki. Kumwacha nyumbani hakukuwezekana. Njia ilikuwa na fisi, na Zipora alitembea peke yake. Alitumia miezi miwili kumzoesha kamba.

Jambo moja hakulifikiria. Katika nchi ile mbwa hafungwi. Anayefungwa ni yule anayeshukiwa kuwa na kichaa, akisubiri kuuawa.

Langoni wanawake waliacha fagio zao wakakimbia.

“Mama Maige,” Onesmo jirani yake alimwita Zipora kutoka juu ya ukuta wa uzio, “mwaka huu kifo umetuletea kwa kamba?”

Mabula alikuja na mkuki. “Sogea, mayu, mama yangu. Nisikuumize.”

“Hana kichaa. Nimemfunga kwa sababu ya maneno yako.”

“Kila mwenye mbwa husema hana.”

“Wenye kichaa umewaona wangapi?”

“Wanne.”

“Yupo aliyekunywa maji?”

Mabula alifikiri. “Hakuna. Koo linakataa.”

Zipora alimimina maji ya kibuyu ndani ya kata, akaiweka chini. Jembe alinusa, akainua kichwa, akawatazama watu. Hakunywa.

“Mmeona wenyewe,” Onesmo alisema.

Mkuki ulipanda. Zipora hakuachia kamba.

“Mmemzingira. Hata ng’ombe hanywi hivyo. Rudini hatua kumi, kisha nyamazeni.”

Mabula aliwaashiria watu warudi nyuma. Naye alirudi, lakini mkuki hakuushusha. Jembe aliinama, akaanza kunywa, akalamba kata mpaka ikakauka. Zipora akaongeza. Akanywa tena.

“Shuka ukutani, Onesmo,” Mabula alisema. “Ufagio wako unakusubiri.”

Zipora alimfunga Jembe kwenye kigingi nje ya uzio. Mbwa alipojisaidia, Zipora alichota kinyesi kwa jembe la mkono, akakifukia mbali na njia.

Mabula aliipima kamba kwa macho. “Ndefu. Anafika kwenye uzio.”

Zipora aliikunja mara mbili, akafunga upya, akaingia kufagia.