Mtu wa Kumi na Mbili

Fundi wa vibao alipanda ngazi saa tatu asubuhi, kopo la rangi nyekundu likining'inia kwenye ndoano. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo mno. Pale kwenye kona kibao kilikuwa kimeshasimama: HAPA WALIKUFA WATU, chini yake nafasi tupu, halafu DEREVA, PUNGUZA MWENDO. Idadi tu ndiyo ilibaki, na wafiwa walikuwa wanakuja saa nne kukizindua.

Aliambiwa aandike kumi na mmoja. Waliokufa walikuwa kumi na wawili, na kila mtu alijua. Wa kumi na mbili ni dereva wa basi lililopata ajali pale, mpwa wake fundi, mtoto wa pekee wa dada yake. Mwenyekiti wa wafiwa, mzee aliyezika mke na binti kwa siku moja, alikataa katakata. "Aliyewaua hawezi kukaa nao kibao kimoja. Alikimbiza gari kwa kiherehere chake." Nani angembishia?

Chini, dada yake alikuwa ameishika ngazi. Tangu msiba amekonda, nguo zote zinampwaya.

"Kaka, sikuombi makubwa. Mwanangu naye alikufa. Mhesabu tu."

"Dada, kibao si changu."

"Na mkono ni wa nani?"

Kuna jambo alikuwa amelificha miezi minne. Siku ile alimwagiza mpwa wake rangi kutoka mjini, kopo hilo hilo alilopanda nalo. Polisi walilitoa kwenye mabaki limebonyea ubavu, halikupasuka. Mteja alikuwa anamsumbua, basi akampigia kijana simu, kwa utani wao wa siku zote: "We, unaendesha gari au mkokoteni? Kanyaga mafuta bwana, rangi naingoja!" Kijana akacheka. "Nakuja mjomba, nakuja." Hakufika. Ee Mungu, mzaha gani ule! Na makaburini watu walipomwita kijana mwendawazimu, mjomba mtu aliinamisha kichwa, kimya, kama hayamhusu.

Alichovya brashi. Herufi zilitoka wima: KUMI NA WAWILI. Akashuka, akakaa vumbini.

"Dada, nilimpigia simu mimi. Mimi ndiye niliyemwambia akimbize."

Dada hakushtuka. "Najua. Simu yake ninayo, na wa mwisho kumpigia ni wewe. Nimekungoja, kaka. Kila siku nasema labda leo atasema. Nimekuchukia mpaka nimechoka."

"Nisamehe."

"Mimi niache kwanza." Alielekeza kidevu barabarani, ambako wafiwa walikuwa wanakuja kwa miguu, mwenyekiti mbele na mkongojo wake. "Kawaambie wale. Wamemtukana mwanangu, nawe ukisikia."

Mwenyekiti alifika, akasoma, akarudia kusoma. Uso ukamkunjamana.

"Fundi, nani kakuruhusu?"

Fundi alisimama, brashi ingali mkononi, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alimtazama dada yake. Dada alikuwa amegeukia kibao, anaisoma idadi.

"Mzee wangu," alisema, "kile kiherehere kilikuwa changu."

Akawasimulia yote, mpaka neno la mkokoteni, na hakuna aliyecheka.