Mwenyekiti wa Jopo Anatafutwa

Kila Alhamisi asubuhi ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti ya Ashbrook, huweka mtandaoni orodha ya watu walioitwa mahakamani wasifike, ambao sasa askari yeyote akiwakuta anawabeba. Na kila Alhamisi asubuhi Glenda Hostetler alikuwa akiisoma orodha hiyo tangu herufi ya kwanza, miguu juu ya kiti, kahawa mkononi, mdogo wake Arlene akisikiliza kwenye simu. Wengine wana kanisa. Glenda naye alikuwa na kanisa, ila kule hawataji majina.

“Yule mwenye duka la mazulia yumo,” alisema Alhamisi hiyo ya Agosti. “Nilijua tu. Macho yake hayatulii.”

“Ehe, na nani mwingine?”

“Subiri, nimefika kwenye H. Hobart, Hollis, Horn...” Akashusha miguu.

“Dada? Umekatika?”

“Arlene,” alisema, “mimi nimo.”

Arlene alicheka mpaka akapaliwa. Akaomba radhi, kisha akacheka tena.

Kosa lenyewe lilikuwa nyasi. Mwezi wa Aprili mashine yake ya kukatia nyasi iliharibika, nyasi za mbele ya nyumba zikapita inchi nane, na katika mitaa ile, ambako watu hujuana kwa namba za nyumba, nyasi za inchi tisa ni uhalifu. Jirani mmoja mwenye rula na muda mwingi akapiga simu. Glenda akapewa karatasi: ufike mahakamani Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa tatu asubuhi. Siku mbili baadaye ikaja barua ya pili, ya kumwita akakae kwenye jopo, wale raia sita wanaomsikiliza mshtakiwa na kuamua kama ana hatia. Jumanne ileile, saa tatu ileile, jengo lilelile, ila nyasi ghorofa ya kwanza na jopo ghorofa ya tatu.

Mtu mwingine angepiga simu kuuliza. Glenda alizilaza zile karatasi mezani, akaona mhuri ni mmoja, akajiambia kaunti ni moja, wakinihitaji chini watanifuata juu. Si nitakuwa nimejiandikisha mlangoni? Hata hivyo siku yenyewe alianza kunyoosha mkono aombe kushuka mara moja. Bahati mbaya Jaji Prentiss, mzee ambaye sauti yake imeudhika tangu kuzaliwa, alikuwa ameshaanza kuwahutubia wanajopo.

“Mambo binafsi yaachwe nje. Atakayetoka humu bila ruhusa yangu, naandika akamatwe.”

Mkono ukarudi mapajani. Kwa hiyo Glenda akakaa ghorofa ya tatu kwa kuogopa kukamatwa, na ghorofa ya kwanza karani akaliita jina lake mara tatu, akalitupia kwenye rundo la wasiofika. Mchana Jaji Prentiss alilisaini rundo zima huku anakula sandwichi, bila kusoma hata moja, hatua kumi kutoka chumba alimokuwa Glenda akila sandwichi yake. Jioni akasaini vyeti vya kuwashukuru wanajopo kwa kufika kwao. Navyo hakuvisoma. Kaunti ile ina haraka ya kusaini lakini haina haraka ya kuchapa, ndiyo maana jina lilichukua miezi mitatu kuingia kwenye orodha. Glenda akakitia cheti kwenye fremu, akakitundika juu ya friji, nyasi akazisahau.

“Jumatatu kampuni ya mabasi inakagua majina ya madereva wote,” alimwambia Arlene, sasa analia waziwazi. “Mwenye hati ya kukamatwa hagusi usukani. Miaka kumi na tisa nabeba watoto wa shule, Arlene! Nikitolewa kwenye lile basi nitakuwa nani mimi?”

“Usilie. Jumamosi ni ile siku ya msamaha kule kanisani kwa Walutheri. Jaji anakuja mwenyewe, unajieleza, anafuta. Hawamkamati mtu.”

“Ile ya wahalifu?”

“Ndiyo, dada. Ya wenzako.”

Jumamosi Glenda alisafiri amelala kiti cha nyuma cha gari la Arlene, amejifunika blanketi la kwenda nalo bustanini, fremu kifuani. Arlene alikuwa akimfurahia kupita kiasi. Kila baada ya dakika tano anasema, “Askari huyo kulia,” na kulia hakuna kitu ila ng'ombe. Walipofika Glenda alishuka na nyuzi za blanketi kichwani, akajipanga mstarini nyuma ya watu ambao majina yao alikuwa anayajua yote.

Mlangoni aligawa namba mwanamume mrefu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, kile wanachovalishwa watu waliohukumiwa kufanya kazi za jamii. Alimpa Glenda namba arobaini na moja bila kumtazama. Kisha akamtazama.

“Ala! Mwenyekiti,” alisema.

Glenda alitamani ardhi impokee. Huyo alikuwa Curtis Bohannon, fundi wa mapaa, ndiye mshtakiwa wa ile Jumanne ya Mei. Na kosa lake, jamani, lilikuwa kutofika mahakamani. Alijitetea kwamba asubuhi ile aliyotakiwa kufika, saa ileile, mahakama ya mji wa Millrace, upande wa pili wa kaunti, ilimwita kwa taa mbovu ya gari lake, naye akachagua moja. Jopo likaingia faragha dakika ishirini, kumi na tano za kuchagua donati. Glenda, waliyemfanya mwenyekiti kwa sababu alikuwa na kalamu, ndiye aliyefunga mjadala. “Mtu mzima huyu! Hakuna anayeitwa sehemu mbili saa moja. Anatufanya watoto.” Wakacheka wote, wakamtia hatiani. Akahukumiwa saa mia tatu za kazi za bure.

“Umekuja kuhukumu tena?” Bohannon aliuliza, na hakuwa anatania sana.

“Nimekuja... kuna jambo dogo.”

“Hapa wote tuna jambo dogo, mama. Kaa pale.”

Alikaa saa mbili nzima akitazama viatu vyake. Bohannon alipita mara nne akipanga viti, na mara zote nne Glenda aligundua kitu cha muhimu sana ndani ya mkoba wake.

Jaji Prentiss alikuwa amepewa meza ya watoto wa shule ya Jumapili, magoti yamemfika kidevuni, na hilo halikumwongezea furaha.

“Hostetler. Nyasi,” alisoma. “Tarehe kumi na nne Mei hukufika. Ulikuwa wapi?”

Glenda akaiweka fremu mezani. “Nilikuwa na wewe, mheshimiwa.”

Jaji akavaa miwani. Akasoma tarehe ya cheti, akasoma tarehe ya hati, akarudia.

“Sahihi zote mbili ni zangu,” alisema.

“Zote zako, mheshimiwa. Ila ya cheti imenyooka zaidi.”

Karani alisubiri kuona kama inaruhusiwa kucheka. Jaji akacheka, karani akacheka, mstari mzima wa wanaotafutwa ukacheka.

“Loo! Kumbe mtu anaweza kuitwa sehemu mbili saa moja,” jaji alisema, akitafuta kalamu. “Haya mambo hutokea.”

Nyuma ya Glenda sauti ya viti ilikoma. Hakugeuka. Alijua ni nani amesimama pale, na alijua la kusema, lakini kalamu ilikuwa bado hewani na Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Akafunga mdomo. Aliona aibu, lakini hakuufungua mpaka sahihi ikatua na mhuri ukagonga. Akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akafunga zipu.

“Hongera, mwenyekiti,” Bohannon alisema, safari hii bila kejeli, na hilo ndilo lililomchoma.

Alipiga hatua tatu kuelekea mlangoni, akarudi.

“Mheshimiwa, huyu bwana alisema hivihivi. Alisema aliitwa sehemu mbili. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu ni mwongo.”

Kicheko cha jaji kikaisha papo hapo. “Jopo lilishaamua. Siwezi kuanza kuchimbua hukumu katikati ya meza za watoto.”

“Lakini ni jambo lilelile!”

“Yeye hana fremu, bibi.” Jaji akavua miwani. “Sikiliza. Wakili wake akiomba adhabu iangaliwe upya, na wewe ukaja ukala kiapo ukaeleza hayo uliyoyasema, nitasikiliza. Karani, nafasi ya karibu?”

“Jumanne hii, mheshimiwa. Saa tatu asubuhi.”

Glenda alishika ukingo wa ile meza ndogo. Jumanne hiyo shule zilikuwa zinafungua. Saa tatu asubuhi ya siku ya kwanza yeye huwa bado yuko barabarani na watoto hamsini, na dereva asiyetokea siku ya kwanza haulizwi sababu. Njia yake anapewa mwingine kabla ya chakula cha mchana. Alitazama karani, akatazama mlangoni, ambapo Arlene alikuwa anampungia mkono na funguo za gari.

“Hakuna siku nyingine?”

“Iliyopo ni hiyo.”

“Niite niwe shahidi, basi,” alisema kwa sauti ndogo. “Andika jina langu.”

Karani akamwandikia karatasi, yenye mhuri uleule. Bohannon aliyaweka chini marundo yake ya viti, akaja kuisoma juu ya bega lake, taratibu, tarehe na saa na mahali.

“Utafika?” aliuliza.

“Nitafika. Haki ya Mungu nitafika.”

Bohannon akaokota kiti kimoja.

“Hata mimi nilisema hivyohivyo,” alisema, akarudi kwenye viti vyake.