Kijiko cha Mwalimu wa Sauti

Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kuimba kabla hajajua kufunga vifungo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: pumzi. Akifika mstari wa tatu sauti ilikatika kama maji ya bomba mchana, na machozi yakamalizia wimbo. Ndiyo maana, mama yake alipokaribia kustaafu kazi ya kufua mashuka hospitalini, Chiriku alikwenda kwa mwalimu wa sauti. Alitaka kumwimbia mama wimbo uleule ambao mama mwenyewe alikuwa akiuimba huku akikunja mashuka, kabla mvuke na dawa za kufulia havijamkausha koo. Na safari hii aufikishe mwisho.

Mwalimu alikuwa mtu wa shingo ndefu na skafu isiyojua joto. Chumbani kwake mlikuwa na kioo, kiti kimoja, ambacho ni chake, na bilauri tupu. Aligonga bilauri kwa kijiko, ting! Mwanafunzi avute pumzi. Ting! Avute tena.

"Lakini Mwalimu, hapa mtu anamuaga mpenzi wake. Nisimwonee huruma hata kidogo?"

"Huruma inabana koo. Tumbo, binti, tumbo! Huyo mpenzi ataondoka tu, uhuzunike usihuzunike." Akagonga bilauri.

Miezi ikapita. Chiriku akawa anafika mstari wa mwisho bila kukwama, kwa uso wa mtu anayepimwa presha. Mwalimu akakenua meno. "Sasa umeiva."

Siku ya kumuaga mama, mashine za chumba cha kufulia zilizimwa, meza zikapangwa. Mwalimu alijikaribisha kiti cha mbele, watu wajue kazi ni ya nani. Chiriku akasimama. Mama akaweka mikono mapajani. Chai nayo ikagawiwa.

Ting! Mpiga pasi alikoroga sukari. Chiriku akavuta pumzi. Ting, ting! Msimamizi naye. Akavuta, akavuta tena. Neno la kwanza halijatoka, mabega yamegusa masikio, macho yamemtoka, kajaa kama tairi la lori.

"Jamani, huyu mtoto anaimba au anazama?" mpiga pasi alinong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi uani.

"Hiyo ndiyo mbinu," Mwalimu alimjibu.

"Wekeni vijiko chini, nyote!" mama akasema.

Vijiko vikanyamaza. Chiriku akatoa pumzi yote, akabaki mtupu, akisubiri. Hakuna ting, hakuna pumzi. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu, kwa huruma ileile aliyoikataza, akainua kijiko chake.

Mama akamnyang'anya. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "mimi nilikuwa navuta pumzi shuka likishakunjika. Wewe vuta ukichoka."

Mpiga pasi akaangua kicheko. Chiriku naye akacheka, na anayecheka hakosi kuvuta pumzi. Akaanza. Mstari wa tatu sauti ikayumba. Akakaza tumbo kama alivyofundishwa, ikasimama. Mpenzi akaagwa, safari hii kwa uchungu. Mama alifuta machozi kwa aproni aliyotakiwa kuirudisha kesho yake, na wimbo ukafika mwisho.

Mwalimu aliinuka kabla ya makofi. "Mmeona kazi ya kijiko!"

"Tumeiona," mama akasema, akimrudishia. "Chai yako inapoa, Mwalimu. Koroga."

Ting!

Kule mlangoni, alikokuwa akipokea pongezi, Chiriku akavuta pumzi.