Mpangaji Aliyelala Hadi Aprili

Siku ya Mtakatifu Nikolai, tarehe sita Desemba, saa nne asubuhi, Bi Nevena alikuwa amesimama kwenye sinki ya jikoni akimparua magamba samaki wa sikukuu, mpangaji wake alipoingia. Bwana Zahari alikuwa amevaa koti zito, kofia ya manyoya na glavu, kama mtu anayetoka, na kumbe ndiyo kwanza ameamka. Mkononi alishika kipimajoto.

"Nimepima tena, Bi Nevena. Digrii tisa."

"Tisa si mbaya. Siagi inapenda tisa."

"Mimi si siagi."

"Hilo naliona. Siagi hainung'uniki."

Zahari akacheka kidogo, maana alikuwa mtu mpole, akasogea karibu na jiko kunyoosha vidole. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Burgas kule pwani, na alikuwa amefika Samokov mwezi Septemba kufanya kazi kwenye kliniki ya meno ya mji. Samokov iko chini ya mlima. Baridi yake huingia mapema na kuondoka shingo upande. Fundi wa meno hutumia nta, na nta ya Zahari, pale mezani chumbani kwake, ilikuwa ikikatika kama biskuti.

Nyumba ilikuwa na jiko moja tu, hilo la jikoni. Lilichoma kuni, likapasha maji, na maji yakapita kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta za vyumbani. Kila rejeta ilikuwa na koki yake. Koki ya chumba cha Zahari ilikuwa imefungwa, na mpini wake umeng'olewa. Mpini huo ulikaa kwenye mfuko wa aproni ya Bi Nevena tangu Oktoba. Wote wawili walijua uko wapi, na hakuna aliyewahi kuutaja.

"Joto jingi linaleta mafua," alisema Bi Nevena. "Sisi tulikua watoto saba kwenye nyumba yenye chumba kimoja cha moto, na hakuna aliyekufa. Vaa soksi mbili."

"Nimevaa tatu."

"Basi."

Sababu yenyewe haikuwa mafua. Sababu ilikuwa uani, chini ya bati: mrundo wa kuni za mwaloni, mrefu kama ukuta wa zizi, uliopangwa na mumewe Stamen katika vuli yake ya mwisho. Alizikata yeye, akazibeba yeye, akazipanga moja moja huku akipiga mluzi, kisha Februari akafia kwenye kiti chake. Huu ulikuwa mwaka wa tatu Bi Nevena akiishi jikoni peke yake, akilala kwenye kochi la jikoni, akichoma vijiti na mbao za kuokota ili mrundo usipungue. Kila gogo lilikuwa limepita mikononi mwa Stamen. Chumba alikipangisha kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Hakuwa amefikiria kwamba mpangaji naye ana mwili.

"Binti yangu anakuja tarehe tatu Januari," alisema Zahari, mgongo wake ukiwa kwenye jiko. "Ralitsa. Anatoka Uhispania. Hatujasemezana miaka sita, Bi Nevena. Nataka nimpokee kwenye chumba chenye joto. Sitaki akae mbele yangu na koti kama yuko stendi ya basi."

"Akija tutaona."

"Akija tutakuwa tumechelewa. Zile kuta zinataka wiki nzima kupata moto."

"Nimesema tutaona, Bwana Zahari. Nikatie limau."

Akamkatia limau. Mchana walikula pamoja, na Zahari alikula kwa namna ambayo Bi Nevena hakuwahi kuiona kwa mtu mwembamba. Alimaliza robo tatu ya samaki, wali wote wa tumboni mwa samaki, mkate mzima, chupa ya pilipili za kuchoma, na bakuli la kokwa za jozi. Bi Nevena alifurahi, kama mpishi yeyote. Saa nane Zahari akafuta mdomo, akasema anasikia usingizi, akashukuru, akaenda chumbani.

Hakutoka kesho yake, wala keshokutwa.

"Amenuna," Bi Nevena aliliambia jiko.

Siku ya nne kliniki ilipiga simu kumuulizia, ndipo alipofungua mlango. Zahari alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, amejifunika blanketi, zulia, mapazia yote mawili, na majani makavu mengi ambayo hayakueleweka yalitoka wapi, maana dirisha lilikuwa limefungwa. Bi Nevena akamwekea kioo puani. Kioo kilipata ukungu mara moja kwa dakika. Akarudi jikoni, akaosha mikono, akampigia Daktari Peneva.

Daktari alimsikiliza moyo huku akitazama saa yake.

"Mapigo manane kwa dakika," alisema. "Usingizi wa dubu. Huyu ni wa pili kwangu mwaka huu. Wa kwanza alikuwa mlinzi wa ghala." Akatoa fomu. "Chumba kilikuwa na digrii ngapi?"

"Tisa," alisema Bi Nevena. Kisha akasema, "Nane, asubuhi nyingine."

Daktari akaandika nane.

"Ataamka lini?"

"Aprili. Usimtikise, usimlishe."

"Na nikiwasha moto sasa?"

"Washa. Ila ungewasha Novemba." Akasaini ruhusa ya ugonjwa mpaka tarehe kumi Aprili, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Bi Nevena akarudisha mpini kwenye koki, akafungua mpaka mwisho. Mbao za kuokota ziliisha kwa siku mbili. Siku ya tatu alikwenda uani, akaondoa bati, akasimama mbele ya mrundo wa Stamen kwa muda mrefu, kisha akachukua gogo la juu kushoto, ambalo ndilo Stamen aliliweka la mwisho. Liliungua vizuri. Kufikia wiki iliyofuata chumba kilikuwa na digrii ishirini na sita, rangi ya ukutani ilianza kutoa harufu, na Zahari alikuwa hajageuka hata ubavu.

Habari ilienea mtaani kwa njia ya meno. Zahari alikuwa amelala na oda kumi na moja mkononi, na wazee wa mtaa huo walipitisha sikukuu zote kwa supu. Jirani, Mzee Gencho, alikuja kuegemea uzio.

"Nevena! Meno yangu ya juu ninayo, ya chini yapo kwa mpangaji wako. Nitakula supu mpaka Pasaka?"

"Utakula supu."

"Umemnyima moto, na mimi ndiye ninayekosa soseji. Hiyo ni haki?" Akautazama mrundo, ambao sasa ulikuwa na pengo. "Na kuni za Stamen umezifungua. Marehemu angekuwa hai…"

"Angekuwa hai angezifungua Oktoba," alisema Bi Nevena.

Alilisema bila kulifikiria, akainama kuokota kikapu cha kuni. Ilikuwa kweli. Stamen hakuwahi kumwacha mtu akae na kofia ndani ya nyumba yake. Kuni zile alizikata ziwashwe.

Tarehe tatu Januari, basi la saa tano lilimleta Ralitsa. Alikuwa na miaka ishirini na minane, uso wa baba yake, begi dogo na wavu wa machungwa. Bi Nevena alimpokea mlangoni.

"Baba yako amelala, mwanangu. Mpaka Aprili."

Ralitsa aliweka begi chini. "Ameamua kulala sasa."

"Alikuwa amechoka," alisema Bi Nevena.

Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalikuwepo, mafupi, manne tu: mimi ndiye niliyemnyima moto. Lakini msichana alikuwa amesimama kwenye ukumbi wenye joto la kumtoa mtu jasho, anavua koti, na Bi Nevena aliona aibu, akamchukulia lile koti akalitundika.

"Ndivyo alivyo," alisema Ralitsa. "Mama alipougua, yeye alifungasha nguo akaondoka. Hakuja hata kuzika. Nimejiandaa miaka sita kuja kugombana naye, na yeye amelala."

Akaingia chumbani, akavuta kiti, akakaa. Alikaa siku tatu, kuanzia baada ya kifungua kinywa mpaka chai ya jioni, na muda wote huo alizungumza. Bi Nevena alikuwa uani akipasua magogo, kwa sababu jiko lilikuwa linakula kuni kuliko mikono yake ilivyoweza. Kila alipoinua kichwa alimwona dirishani: mdomo unakwenda, kiganja kinapiga goti. Siku ya pili alimwona akilia. Siku ya tatu alimwona amelaza kichwa kwenye ukingo wa kitanda, bado anasema. Shoka lilifunika sauti.

Jioni ya siku ya tatu Ralitsa alikuja jikoni, uso ameuosha.

"Nimemaliza."

"Umemwambia nini?"

"Yote."

Akala vipande viwili vya mkate wa jibini, akasema ni mtamu, akaacha machungwa kwenye meza ya nta, akaondoka na basi la asubuhi iliyofuata.

Tarehe tisa Aprili maji ya theluji yalikuwa yakitiririka kutoka paani. Zahari aliingia jikoni akishika suruali kwa mkono isimdondoke, ndevu zimefika kifuani.

"Chai ipo?"

"Ipo."

Alikunywa vikombe vinne. Kisha akaitazama kalenda ukutani, akatazama machungwa aliyokuwa amekuja nayo mkononi, madogo na magumu kama vifundo vya miti.

"Alikuja?"

"Alikuja. Siku tatu."

"Akasema nini?"

"Nilikuwa nje, napasua kuni."

Zahari akageuka dirishani. Pale uani palipokuwa na mrundo palikuwa na udongo mtupu, mweusi, na bati limelazwa juu ya majani.

"Umezichoma zote?"

"Zote."

"Pole sana, Bi Nevena," alisema, na alimaanisha. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Nilimwambia ulikuwa umechoka," alisema Bi Nevena. "Sikumwambia habari za chumba. Nilipaswa kumwambia, nikatundika koti."

Zahari akazungusha kikombe kwenye kisahani chake. "Ningekuwa macho nisingejua la kumjibu," alisema. "Lakini ningesikia."

Alimpigia binti yake simu siku hiyo hiyo, akiwa amesimama ukumbini. Aliomba amwambie tena, hata kwa ufupi, hata kwa barua. Sauti ya Ralitsa ilisikika mpaka jikoni, na haikuwa kali.

"Nilishasema, baba. Siwezi kuyasema mara mbili. Sina tena."

Bi Nevena akaja akauchukua mkono wa simu. "Ralitsa, ni mimi. Mimi ndiye niliyefunga moto. Aliniomba, akasema wewe unakuja, nikamwambia tutaona. Hakuamua kulala."

Ralitsa alimwacha amalize.

"Asante kwa kuniambia, Bi Nevena. Lakini nilichosema nilikisema, na hakukisikia. Yeye hana kosa mara hii, nimeelewa. Bado hakukisikia."

Zahari akanyoa ndevu, akarudi kazini, akamaliza zile oda kumi na moja. Mzee Gencho alipata meno yake ya chini wiki ya Pasaka, akala kondoo mpaka akaugua. Bi Nevena alitegemea mpangaji atahama, na mwezi Juni alimuuliza.

"Nihamie wapi?" alisema Zahari. "Hapa wanaijua hali yangu."

Agosti Bi Nevena aliagiza trela la kuni kwa mtu wa kijijini. Zilikuwa kuni tu. Septemba akawasha jiko, na rejeta zote zikapata moto, hata ya chumba ambacho hakikuwa na mtu. Zahari alikaa kwenye chumba chake na shati tu bila koti, nta laini vidoleni, na jioni walicheza karata jikoni na kutaniana.

Katikati ya Novemba alianza kula. Bi Nevena alimwona akimaliza chungu cha maharage, akaongeza magogo mawili. Alimwona akila jozi kwa kilo, akaongeza matatu. Desemba ilipoingia, alimkuta akikunja miwani yake na kuiweka kwenye boksi. Meno ya watu wote yalikuwa yamekamilika na kupangwa mezani, kila seti na jina lake.

"Kuna digrii ishirini na nne humu!" alisema Bi Nevena. "Bwana Zahari! Nimewasha tangu Septemba!"

"Najua. Asante sana, ni joto zuri," alisema Zahari. Alikuwa tayari anavua viatu. "Mwili umeshazoea tu." Akajifunika, kisha akakumbuka jambo, akainua kichwa. "Akija mtu, Bi Nevena, uandike. Atakachosema chote. Tafadhali."

Bi Nevena akanunua daftari la kurasa mia, akahamishia kiti chake kando ya kitanda. Aliandika kwa uaminifu. Mtu wa posta alikuja na kadi ya kliniki. Daktari Peneva alikuja, akahesabu mapigo manane, akasema safari hii ana rangi nzuri. Mzee Gencho alikuja kuonyesha meno.

Tarehe tatu Januari, saa saba mchana, simu ililia.

"Bi Nevena? Ni Ralitsa." Nyuma yake kulikuwa na kelele za barabara, honi na watu. "Amelala?"

"Amelala, mwanangu. Lakini nina daftari. Sema, mimi naandika neno kwa neno. Sema polepole."

Zile honi zikaendelea kwa muda.

"Hapana," alisema Ralitsa. "Mwache alale."

Bi Nevena akasubiri kama lipo jingine, na simu ilipokatika akarudi kwenye kiti, akaandika tarehe, akaandika saa, akaandika maneno yote matatu.