Papa Damas Akikohoa Mbele ya Wakwe

Kwa kina Viviane, siku ya posa baba wa binti hafungui kinywa. Msemaji wake, mjomba Kabamba, ndiye hubishana na wakwe. Baba akikohoa mara moja, amekubali; akikohoa mara mbili, amekataa. Utaratibu mzuri sana, mradi baba awe na mapafu mazima.

Papa Damas alikuwa amestaafu kiwandani Shituru na kifua kibovu, na hospitali hataki hata kuisikia. Kila akikohoa alikuwa na cha kusingizia: leo vumbi, kesho moshi wa mbabula, lile jiko la makaa, keshokutwa pilipili ya mkewe. Viviane hakudanganyika. Kikohozi cha vumbi ni kikavu, ukinywa maji kinatulia. Cha pilipili huja na machozi na kupiga chafya. Hiki cha baba kilitoka chini kabisa, kizito, chenye makohozi, na kilikuwa kinamkondesha. Kilimtisha Viviane.

Basi wakwe wakaketi sebuleni. Akina Hervé, mchumba wa Viviane, wakatoa vitenge. Papa Damas akakohoa mara mbili, Kabamba akavirudisha. Wakaleta mbuzi. Koh, koh! Kabamba, jasho likimtoka, akamkataa hata mbuzi. Mama yake Hervé akashika mkoba wake.

Jikoni Viviane akaona ndoa yake inafunga virago. Akatupa mwiko, akaingia sebuleni mzimamzima, jambo ambalo binti anayeposwa hathubutu.

"Tonton Kabamba, Papa hakukatala! Ile ni kifua. Na mbele ya kuolewa, minye nataka aende ku hôpital, bapime makohozi."

Papa Damas akamkazia macho Kabamba, akakohoa mara mbili, safari hii kwa makusudi, taratibu, kila kimoja peke yake.

"Ile iko kifua tu," akasema Kabamba. "Mumupeleke."

Hervé mwenyewe akampandisha mzee kwenye pikipiki. Ukali wote ulikuwa umemwisha mzee. Akamwita binti yake karibu.

"Ambia bale batu nimeitika," akasema kwa kinywa chake. "Kama kule banaona mubaya, weye usibakie peke yako."

Viviane alitaka kumcheka, akalia. Kisha akapanda nyuma yake, na gauni lake la posa, akamkumbatia kiunoni kwa nguvu asije akaruka njiani.